Ncha Iliyojikunja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa karakanani, mlango nimeurudisha ili wateja wadhani nimetoka. Najua barua hii atakusomea Dada, kwa hiyo nawe Dada shikamoo, na shemeji umfikishie salamu zangu. Vipi miguu, Baba? Bado inawaka moto usiku, au zile dawa mpya zimeituliza kidogo? Na macho je? Nasikia huko kwenu baridi imeanza. Usione haya kuvaa soksi mbili, hakuna anayekuja kukupima utanashati. Mimi mwili ni mzima. Mafua yaliyokuwa yakinisumbua yamekwisha, nakula na kulala, na kama si hili ninalotaka kukuambia ningesema sina neno.

Dada, kabla hujaendelea nina ombi. Nakujua ulivyo, ukikutana na mstari unaoumiza unauruka ukiwa umekaza macho kama mtu asiyeuona. Leo usiruke. Soma kila neno lilivyo, hata pale utakapotaka kunirushia kiatu. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ina milango mingi ya kukimbilia. Mtandao unakatika, chaji inaisha, mteja anaingia. Nimeipita milango hiyo yote tangu Baba alipoondoka hapa, naye masikini akaamini kweli kwamba mtandao wa huku ni mbovu.

Habari za nyumbani ni hizi. Lile bati lililokuwa likivuja juu ya kitanda chako nimelibadilisha. Mshonaji wa jirani amehamishia cherehani yake barazani kwetu, kwa hiyo mchana kutwa nasikia mashine na umbea, na sijui kipi kinakwenda kasi zaidi. Mto umetulia. Mvua zilikwisha mapema, na maji yamekuwa maangavu hivi kwamba ukisimama darajani unahesabu kokoto za chini. Wenzako wote wapo. Fundi Saa bado anasimulia habari za samaki aliyemponyoka mwaka ule wa mafuriko, na samaki huyo hajaacha kukua. Akiendelea hivi itabidi tumtafutie mto mwingine wa kumweka.

Sasa Dada, wewe tangu utoto hukutaka kushika ndoano, ulisema harufu ya samaki inakufuata mpaka ndotoni. Nikueleze kidogo, la sivyo hutaelewa nilichofanya. Samaki tunaowavua hapa, hao tunaowaita meno-nje, wana meno yanayopishana kama ya mtego wa panya, na mkubwa wao anaweza kufika kiunoni mwa mtu. Mshipi wa kawaida ukiingia katika mdomo huo ni uzi mbele ya mkasi. Ndiyo maana kati ya mshipi na ndoano tunaweka kipande kifupi cha kitu kigumu, urefu wa mkono hivi, na kutengeneza vipande hivyo ndiyo kazi inayonilisha.

Ugomvi wa wavuvi wote huanzia hapo, kwenye kipande hicho kiwe cha nini. Waya mmoja wa chuma haukatwi na jino lolote, ila ukipinda mara moja umeharibika, tupa. Waya uliosokotwa kwa nyuzi nyingi ni laini na unadumu, lakini katika maji maangavu unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo, na samaki si mjinga. Kuna wa tatu, ambao Baba anaupenda msimu kama huu. Ni waya mwembamba uliosokotwa, halafu nauvalisha ule mpira wa plastiki wa mafundi umeme, unaosinyaa ukipashwa moto. Nachagua wa rangi ya matope. Halafu kuna nailoni nene, ambayo majini haionekani kabisa. Samaki anaikimbilia bila wasiwasi wowote. Taabu yake ni kwamba kwa meno-nje nailoni ni bahati nasibu. Akinasa pembeni mwa mdomo unamtoa, akigeuza kichwa akaitia menoni amekwenda zake, na ndoano zako kaenda nazo.

Baba, wewe nailoni hukutaka hata kuisikia. Ulisema mvuvi bora arudi na kapu tupu kuliko kumwachia kiumbe vyuma mdomoni, na kwamba samaki aliyekushinda kwa haki aende na afya yake. Mimi nilikuona mkaidi. Mwaka huu maji yalipotakata mapema, waya wako ulikuwa hauguswi, na wale wavuvi wa upande wa juu waliokuwa wakitumia nailoni walikuwa wakipita hapa mlangoni na samaki mabegani. Nikakuambia tuanze kuitengeneza na kuiuza. Siku hiyo karakana ilikuwa imejaa wateja. Uliichukua nailoni yangu mezani, ukaiinua juu watu wote waione, ukawaambia kwamba binti yako anataka kumfunga mbwa mkali kwa uzi wa kushonea.

Walicheka, Baba. Fundi Saa alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo wananiita Uzi. Hata mshonaji, ambaye hajui jina lilianzia wapi, ananiita Uzi, anadhani ni kwa sababu ya wembamba wangu. Nilicheka pamoja nanyi, na wewe ukanipiga begani kwa upendo kama kawaida yako. Lakini neno lile lilinikaa rohoni na sikulitema.

Siku ya samaki mkubwa unaikumbuka kuliko mimi, ila nadhani shemeji hajaisikia yote. Alinasa karibu na nguzo ya kati ya daraja, asubuhi, watu wote wakiwa wamekwisha kufika. Aliporuka mara ya kwanza watu waligeuza vichwa. Aliporuka mara ya pili Fundi Saa aliiacha fimbo yake mwenyewe mchangani akaja mbio. Kofia yako ilianguka na hakuna aliyethubutu kuiokota, kila mtu aliogopa kukugusa. Mimi nilisimama nyuma yako na koleo langu mkononi, tayari kwa kumtoa ndoano. Ulimpigania mpaka jasho likalowesha mgongo wote wa shati. Alikuwa amekwisha kuchoka, amelala ubavu, tunaona tumbo lake jeupe. Kisha akatingisha kichwa mara moja, na fimbo yako ikanyooka.

Mshipi uliruka ukaja juu yetu, na mimi ndiye niliyeudaka. Shemeji, hapa kwetu samaki akiponyoka haulizwi mvuvi, inaulizwa ncha. Mshipi uliokatwa na meno ncha yake huchanika. Uliokwaruzwa na jiwe huwa na vinyweleo. Na fundo linalounga mshipi na kile kipande likifunguka lenyewe, ncha hubaki imejikunja kama mkia wa nguruwe. Nilimpa Fundi Saa ncha ile, akaipitisha kidoleni, akawapa wenzake. Ilikuwa imejikunja. Akashusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya, akasema ni fundo. Nawe ukaichukua ukaigusa kwa midomo, kwa sababu sukari ilikwisha kukutia ganzi vidoleni na siku hizi unasoma vitu vidogo kwa midomo. Uliokota kofia yako ukaipangusa mchanga.

Wote walijua maana yake. Kazi nyingine zote ulikuwa umekwisha kuniachia, kunoa ndoano, kubana waya, hata kuvalisha chambo. Fundo hukumwachia mtu. Ulililowesha mate, ukalivuta polepole huku umeinamisha sikio, na katika miaka yote ya kuvua hakuna aliyewahi kuona fundo lako limefunguka. Kwa hiyo hukuhitaji kuambiwa. Haukupita muda ukamgawia Fundi Saa fimbo zako na bati la vifaa, yeye akilia hataki, nawe Dada, ambaye ulikuwa ukimbembeleza Baba miaka na miaka aje akae kwako, ukashangaa amekubali kwa siku moja.

Sasa ninafika ninapopaogopa. Wiki iliyopita Fundi Saa aliingia hapa bila utani wowote. Alikuwa amevua kwa waya mmoja aliouokota ndani ya bati lako, wenye plastiki ya rangi ya matope, na samaki wa kawaida tu, wa kukaanga kwenye kikaango kidogo, akaukata kwa mng'ato mmoja. Akashangaa, kwa sababu waya haukatwi. Unajua mkono wa fundi saa hautulii mpaka ukione kilichomo ndani. Alichukua kisu chake kidogo akaimenya ile plastiki, akakuta hakuna waya. Alikuta nailoni. Aliiweka mezani kwangu akaniuliza jambo moja tu, kama na wewe siku ile ulikuwa na kama hiyo. Nikamjibu ndiyo. Akasema yeye hatakuambia, kwa sababu si kazi yake, lakini siku mtakayokutana hataweza kukupa mkono huku amekuficha hilo, kwa hiyo nisichelewe.

Unaona basi, Baba, hata ujasiri wa kukiri si wangu. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zimetimia kwa kisu cha Fundi Saa. Nisikudanganye mara nyingine kwa kujifanya dhamiri ndiyo iliyoniamsha.

Nilitengeneza nyaya mbili za uongo. Nilikata nailoni nene, nikaivalisha plastiki ileile ya matope, nikaibana kwa vibomba vilevile vya shaba vya kubania waya, nikaziweka katika bati lako juu ya nyingine. Nia yangu ilikuwa umtoe samaki mkubwa mbele ya watu, halafu mimi niimenye plastiki pale pale, wakuone ulivyoshinda kwa uzi wa kushonea. Hata maneno ya kusema nilikwisha kuyapanga, na yalikuwa maneno mazuri kweli. Kama ningejaribu mchezo huo zamani, vidole vyako vikiwa na uhai, ungenikamata kabla sijafika mlangoni. Nilijua huwezi kuhisi tofauti. Niliutumia ugonjwa wako, Baba. Ninapoandika hapa uso unaniwaka kama nimepigwa kofi.

Mshipi uliporudi mikononi mwangu ulikuwa na kila kitu. Fundo lako lilikuwa pale, limekaza kwenye kipete chake cha chuma kama ulivyolifunga, na chini ya kipete kulikuwa na kipande cha plastiki yangu, na nailoni imetafunwa kama mswaki. Ulikuwa umenipa mgongo bado, unaangalia maji. Wenzako walikuwa wanakuja. Nilikata juu ya fundo kwa koleo, kipete nikakitia mfukoni, na ncha iliyobaki nikaivuta kwa nguvu kati ya kidole gumba na ukingo wa koleo, kama tunavyokunja utepe wa zawadi. Ikajikunja vizuri. Kisha nikaiinua nikampa Fundi Saa. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Ningekuwa nimekomea hapo, pengine ningethubutu kukuomba msamaha. Sikukomea hapo. Dada, tafadhali, na hii pia isome.

Kesho yake Baba ulikuja karakanani ukaketi mbele yangu na kibunda cha mshipi. Ulifunga fundo kwenye kipete kingine, ukaninyooshea niipime nguvu yake, kwa sababu vidole vyako visingeweza kukuambia. Nilikitundika kipete kwenye ule msumari wa ukutani nikavuta. Halikusogea. Nilivuta mpaka mshipi ukanikata kiganja, nao kovu lake ninalo. Uliniuliza kwa upole kama linateleza. Kama ningesema halitelezi, ungeuliza, basi kosa lilikuwa wapi, na swali hilo lisingekuwa na pengine pa kwenda ila mezani kwangu. Nikakuambia linateleza kidogo. Ukafunga jingine, ukalilowesha, ukainamisha sikio. Nikakuambia na hili pia, kidogo tu. Ukafunga jingine tena. Mwisho ukauweka mshipi chini, ukanishukuru kwamba sikukuficha, ukasema watoto wengine wangekudanganya wakakuacha uaibike mbele ya watu.

Sina la kujitetea. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa asiyesikia ni mimi na guu lililovunjika ni lako. Halafu kuna yule samaki. Jioni ile uliniuliza kama atakuwa amekwenda na ndoano mdomoni, nikakujibu chuma huoza, usijali. Ulikuwa unajali peke yako, mimi nilikuwa nashughulika na mfuko wangu wa sketi.

Hata baada ya Fundi Saa kuja niliendelea kuivuta siku. Kila asubuhi nilisema leo naandika, na kila jioni nilikuwa na waya wa kubana. Jana Dada akapiga simu, nikapokea kwa bahati mbaya nikidhani ni mteja. Alikuwa anachekelea habari za kitinda mimba wake, ana afya, ananyonya kama kalipwa. Kisha akasema, huku bado anacheka, kwamba Baba hajambeba mjukuu wake hata mara moja tangu azaliwe. Ukimletea anataka alazwe kitandani, anamtazama, anamwimbia, lakini kumshika hataki. Anasema mikono yake siku hizi inaachia vitu bila kumwambia. Dada alidhani ni woga wa wanaume kwa vichanga. Mimi sikuweza kucheka. Nilisema chaji imeisha, na simu ilikuwa imechomekwa ukutani. Niliketi sakafuni hapa nikalia mpaka mshonaji akasimamisha cherehani kuja kuuliza nani amefariki.

Baba, mikono yako haikuachia kitu. Haikumwachia yule samaki, na haikukosea mezani hapa hata mara moja. Kilichomwachia ni kiburi changu. Ndani ya bahasha nimefunga karatasi ndogo, na ndani yake kuna kipete na fundo ulilofunga asubuhi ile. Leo nimelivuta kwa koleo kwa nguvu zangu zote, na koleo ndilo lililoteleza. Liguse kwa midomo yako mwenyewe. Usinisikilize mimi tena katika jambo hilo.

Jumamosi, wakiwa wote wamefika mtoni, nitakwenda kuwaambia. Fundi Saa alijitolea asimame karibu yangu nikamwambia hapana, asimame na wenzake upande ule wa kunitazama. Wasiponunua waya wangu tena, au wakinunua wakaimenya kila plastiki kwanza mbele ya macho yangu, ni haki yao. Wewe nakuomba usiseme yamekwisha. Nakujua, utataka kusema hivyo upesi ili nisiumie. Nigombeze kwanza. Piga simu unigombeze, nami nitapokea.

Wote huku wanakusalimu, mshonaji, wenzako wa darajani, na Fundi Saa, ambaye anasema fimbo zako anazipaka mafuta na hajazilowesha. Wasalimie majirani wa huko, na shemeji mwambie nimeshukuru kwa kukutunza. Jihadhari na chumvi, na usisahau dawa za jioni.

Dada, ukifika hapa iweke barua chini. Kamlete mtoto, mweke mikononi mwa Baba, halafu wewe ondoa mikono yako.

Ni mimi binti yako mdogo, mwenye haya mbele yako.